Risasi ya Mlangoni Halsey Fork

Halsey Fork, Missouri
Machi 3, 2009

Kaka Delmar,

Mimi mzima kama reli, hofu yangu yote iko kwenye hiyo nyonga yako. Mwambie mwanao akuzuie kupanda ngazi. Jangwa la Arizona halina kitu cha kuangalia juu ya paa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu na wewe ni vita. Juzi nilikwambia Rayanne ameleta mchanga, ukanijibu kwamba mwaka huu hutoi mchango. Miaka arobaini ya kupiga bunduki bila kuziba masikio, haya ndiyo mavuno yake.

Basi sikiliza kwa macho. Ulimwachia Rayanne mlango wa maonyesho ya bunduki, na mimi mama yake nakwambia hujawahi kufanya jambo la akili kama hilo tangu ulipomwacha yule mchumba wako wa kwanza. Wanawake wengine wana watoto. Mimi nina Rayanne. Miaka sita jeshini alisimamia uwanja wa shabaha, vijana mia kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyetoka pale na tundu ambalo hakuja nalo.

Ameweka pipa la mchanga nje ya mlango wa ukumbi. Kila bunduki inayoingia, mdomo wake unaelekezwa kwanza mchangani. Magazini, yaani kisanduku cha risasi, inatolewa. Halafu inakokiwa na kuachwa wazi, Rayanne anaangalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho, kisha anaingiza kidole, maana jicho nalo hudanganya. Mwisho anapitisha kamba nyekundu ya plastiki ili isiweze kufunga wala kulia. Isiyo na kamba nyekundu haiingii, iwe ya mnunuzi au ya mwenye meza ya kuuzia.

Opaline Vogel yuko kwenye meza ya tiketi kama kawaida, mita tatu tu kutoka kwenye pipa. Ameniuliza huyu binti nimempata wapi. Nimemwambia nilimtengeneza mwenyewe.

Dada yako asiyependa kujisifu,
Lurleen

---

Yuma, Arizona
Machi 8, 2009

Lurleen,

Barua imefika. Nyonga inaendelea. Chakula cha huku kina pilipili mno.

Kuhusu mlango. Nimeukalia miaka ishirini na miwili. Mtu akija na bunduki anasema "Tupu," nami namwambia "Karibu." Hilo neno kwetu ni kama sahihi. Ukimwambia mtu wa Halsey Fork afungue bunduki baada ya kusema tupu, umemwita mwongo mbele ya foleni. Mwambie Rayanne awapekue wageni wa St. Louis anavyotaka. Lakini Otis Brandt asiguswe. Otis ana meza sita, na wenye meza wengine wanamfuata kama bata wanavyomfuata mama yao.

Jambo la pili, na hili ulitunze. Sitarudi tena kuendesha maonyesho. Mguu umekataa. Kamati ya uwanja wa maonyesho inataka jina la mrithi wangu kabla ya Aprili kuisha. Nina majina mawili, Rayanne na Skeet Mayhew. Skeet hana akili nyingi lakini watu hawamkasirikii. Maonyesho ya tarehe kumi na nne ndiyo yatakayoniambia.

Delmar

---

Halsey Fork
Machi 17, 2009

Kaka Delmar,

Andika jina la Rayanne leo, tena kwa wino mzito.

Ukumbi ulijaa. Watu elfu moja na mia moja, Opaline amehesabu vipande vya tiketi mara mbili. Pai zangu za tufaha ziliisha kabla ya saa sita mchana, na kuna mwanamke kutoka Hannibal aliyekula mbili peke yake akasingizia mume.

Otis alikuja na ile bunduki ndefu ya babu yake. Najua ulisema asiguswe, lakini hebu ningoje nikusimulie. Kaja begani nayo, kifua mbele, kasema, "Tupu," akataka kupita.

"Asante, Bwana Brandt," Rayanne akamwambia. "Hebu nionyeshe."

"Binti, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Masikio yameshashiba, sasa yamebaki macho."

Foleni ikacheka. Otis akawa mwekundu kama hiyo kamba. "Nimebeba bunduki hii kabla mama yako hajaota meno!"

"Basi wewe ndiye utakayeifungua haraka kuliko watu wote hapa."

Kaka, alifanyaje? Aliifungua! Kwa hasira, lakini aliifungua. Ilikuwa tupu kweli kama alivyosema. Rayanne akaifunga kamba, akamwambia, "Ahsante kwa kuwaonyesha wenzako jinsi inavyofanywa." Otis hakujua kama amesifiwa au amechapwa, akaingia ndani ananung'unika.

Mengine yote yalikwenda salama. Mimi nina maumivu kidogo ya kifundo cha mkono, nadhani ni kwa kukanda unga.

Lurleen

---

Yuma
Machi 23, 2009

Lurleen,

Salama?

Otis ameniandikia. Anasema saa nne asubuhi ile, alipokuwa ndani anapanga meza zake, mlio wa risasi ulisikika mlangoni. Watu wakalala chini. Alipotoka nje akakuta moshi juu ya pipa, na waliokuwa kwenye foleni wanasema walimwona Rayanne ameshika bastola ya mtu ikamlilia mkononi.

Umeniandikia kurasa mbili za pai, na risasi hukuitaja.

Miaka ishirini na miwili, Lurleen, mlango wangu haukuwahi kulia. Kamati ikisikia kwamba mshika mlango ndiye aliyefyatua, watafunga ukumbi na hakutakuwa na maonyesho ya mtu yeyote. Wenye meza wanne wanasema hawatakuja Mei kama Rayanne atakuwapo.

Nataka kujua mambo mawili. Bastola ilikuwa ya nani, na kidole kilikuwa cha nani.

Delmar

---

Halsey Fork
Machi 28, 2009

Kaka Delmar,

Otis Brandt alikuwa ndani, na mtu aliye ndani huona nje kwa kuambiwa. Ndiyo, ililia. Sikuandika kwa sababu sikutaka nyonga yako ishtuke. Haikumgusa mtu. Iliingia mchangani ikalala huko kama mtoto mchanga.

Kidole hakikuwa cha Rayanne. Nasema tena, HAKIKUWA. Bastola ilikuwa ya mwanamke fulani wa makamo aliyepita tu, mgeni, nadhani wa upande wa Illinois, mjuaji sana, mwenye maneno mengi. Unawajua wa aina hiyo. Jina lake hakuna aliyelichukua. Kisha akaondoka zake.

Kwa hiyo usimlaumu mtoto kwa ujinga wa mgeni. Muulize Rayanne mwenyewe kama huniamini.

Lurleen

---

Halsey Fork
Aprili 2, 2009

Mjomba Delmar,

Shikamoo. Nimepata barua yako, na nitajibu kadiri ninavyoweza.

Risasi moja ilitoka saa nne na dakika kumi asubuhi. Bastola ilikuwa imeelekezwa ndani ya pipa. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wa mwenye bastola, ndiyo maana watu waliona walichoona. Kidole hakikuwa changu. Nilifunga mlango kwa dakika ishirini, nikamkagua kila mtu kama ameumia, nikaandika tukio kwenye daftari, nikaendelea na kazi.

Umeniuliza jina. Mjomba, nisamehe, silitoi. Si kwa kiburi. Mtu akijua kwamba akikosea pale kwenye pipa jina lake litazungushwa wilaya nzima, siku nyingine hatakuja kwenye pipa. Ataificha bastola ndani ya koti na kupita nayo akiwa na risasi yake. Mimi nataka wakosee mbele yangu, mdomo ukiwa mchangani. Pipa niliweka kwa ajili hiyo. Siku ile lilifanya kazi.

Naelewa kwamba jibu hili linaweza kuninyima mlango, nao naupenda. Lakini kama ni lazima nitaje watu ili niupate, mpe Skeet, nami nitamfundisha ninayoyajua bila kinyongo.

Mama anakusalimu. Siku hizi hali chakula vizuri.

Mpwa wako,
Rayanne Pruitt

---

Yuma
Aprili 6, 2009

Lurleen,

Rayanne amejibu kama mwanasheria. Hataki kutaja jina. Wewe unaniambia ni mgeni wa Illinois asiye na jina, yeye anasema analijua jina ila halitoi. Mmoja wenu ananidanganya, nami nimechoka kukisia.

Sina ugomvi na mtoto. Lakini siwezi kwenda kwa kamati na risasi isiyo na mwenyewe. Watamwandikia yeye. Ijumaa tarehe kumi na saba napeleka karatasi, na jina lililo juu yake ni la Skeet.

Usiniandikie tena habari za pai.

Delmar

---

Halsey Fork
Aprili 9, 2009
KWA HARAKA

Delmar,

Kaa chini kabla hujaisoma hii. Umekaa? Haya.

Mwanamke wa Illinois ni mimi.

Nimeshaandika. Wino haukukauka kwa aibu, kumbe mtu haanguki akisema kweli. Sasa nipe nafasi nikueleze yote kwa mpangilio, maana nikianza kulia karatasi italowa na posta hawataipokea.

Ile bastola ndogo ya marehemu mume wangu Wendell imekaa kwenye droo tangu alipofariki. Kibao cha mshiko kimepasuka. Nikasema nitaibeba siku ya maonyesho, nimtafute fundi anibadilishie. Nimeweka pai zangu ndani, nikatoka kwenda kwenye gari, nikarudi nayo mkononi. Mkononi, Delmar, kama mtu aliyebeba mwiko. Nikaipita foleni. Mimi ni mama wa mshika mlango, nisimame foleni ya nini?

Rayanne akanizuia. "Mama, mchangani kwanza."

"Tupu," nikamwambia.

"Asante. Nionyeshe."

Watu wakaanza kucheka. Opaline yule pale ananitazama juu ya miwani. Nami ni mimi niliyewaambia watu wote wilaya nzima kwamba mtoto wangu haogopi mtu! Lakini nilipoambiwa mimi, nikasema, "Nimekubadilisha nepi wewe, leo unaniita mwongo?"

"Sijasema mwongo, Mama. Nimesema nionyeshe."

Basi nikataka kumwonyesha yeye na foleni yake kwamba wajane nao wanajua bunduki. Nikakoki, chwaa, kama Wendell alivyokuwa akifanya. Halafu ndipo nikatoa magazini. Ilikuwa na risasi, naziona, shaba tupu. Neno langu la kwanza lilikuwa limeshakuwa uongo, na mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaibwaga magazini chini, nikasema, "Haya, sasa ni tupu, umeridhika?"

Unaona kosa langu? Wewe utaliona mara moja. Mimi limenichukua usiku kumi na moja. Nimekoki kwanza, nikatoa magazini baadaye. Nilipokoki, risasi ya juu ilipanda ikaingia kwenye chemba. Nilipotoa magazini nilitoa zote isipokuwa ile moja. Ni sawa na mtu anayefukuza kuku wote uani baada ya kumfungulia mmoja aingie jikoni.

Nami nimeishika namna gani? Nimenyoosha mkono, nageuka geuka huku nasema na watu. Rayanne hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, nguvu ambayo sijawahi kuihisi kwa mtoto wangu, akanigeuza, akaukandamiza mdomo wa bastola mchangani. "Mama, toa kidole." Nami, kwa ukaidi, ili wamwone jinsi alivyo na wasiwasi wa bure, nikavuta kifyatulio.

Ililia, kaka. Mchanga ukaniruka usoni. Nilisikia mlio ule masikioni hadi jioni.

Watu walipoinuka, nilitazama pale mkono wangu ulipokuwa umeelekea kabla hajanishika. Nilitazama moja kwa moja. Alikuwa Opaline Vogel na kiboksi chake cha tiketi kwenye mapaja. Amekaa hapo tangu tukiwa wasichana. Alikuwa mdomo wazi, kipande cha mkate wangu wa mahindi kikiwa bado mkononi. Sekunde mbili, Delmar. Baina ya mkono wa mtoto wangu na kidole changu hazikupita sekunde mbili.

Rayanne alinikalisha, akanipa maji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umepona, wamepona, kaa hapo." Halafu akageukia watu akasema, "Pipa limefanya kazi yake. Tutafungua tena baada ya dakika ishirini." Hakusema "mama yangu." Wa karibu waliona, wa mbali walimwona yeye ameshika, na wa karibu walinionea huruma wakanyamaza. Nami nikaiacha huruma yao imwangukie mtoto. Kifundo cha mkono nilichokwambia ni cha kukanda unga kina alama za vidole vyake vinne hadi leo, zimekuwa manjano.

Jana mezani nilimuuliza, "Kwa nini usimwambie mjomba wako tu?" Akaendelea kupaka siagi mkate wake. "Kazi yangu ni kuangalia bunduki, Mama. Kuaibisha watu si kazi yangu."

"Hata kama utakosa mlango?"

"Skeet ni mtu mwema."

"Skeet hata viatu vyake anafunga kimoja."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda chumbani nikachukua karatasi hii.

Kwa hiyo andika kwenye fomu yako: bastola ya Lurleen Pruitt, kidole cha Lurleen Pruitt. Waonyeshe kamati barua hii, msomee Otis, ibandike kanisani. Nimejisifia mtoto huyu miaka thelathini na moja kwa mambo madogo madogo, cheti hiki, medali ile. Siku aliyofanya jambo kubwa kuliko yote ndiyo siku niliyonyamaza, kwa sababu ili nimsifu ilibidi nijitaje. Basi najitaja. Alimzuia mama yake mzazi mbele ya watu mia, na kwa hilo Opaline ni mzima. Skeet angenipisha, Delmar. Na wewe ungenipisha.

Lurleen

---

Yuma
Aprili 14, 2009

Dada yangu,

Nilikaa kama ulivyosema. Nimeisoma mara tatu. Mwanangu aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, umetukosa kidogo.

Umeandika kwamba ningekupisha. Nimelifikiria hilo siku nzima. Ni kweli. Ungesema tupu, ningesema karibu, ungeingia ukimpungia mkono Opaline na risasi ikiwa chembani. Najisifu kwamba mlango wangu haukulia miaka ishirini na miwili. Lakini mimi nilikuwa natazama nyuso, Lurleen. Bunduki sikuzitazama. Sijui ni ngapi zilipita. Mtu hawezi kujisifia asichokihesabu.

Karatasi imekwenda kwa kamati leo kwa jina la Rayanne Pruitt. Barua yako nimeiambatisha, kwa idhini yako uliyotoa, ingawa ile sehemu ya Skeet na viatu nimeifuta kwa wino. Otis nimemwandikia mwenyewe. Nimemwambia atakayehama na ahame, meza zitajazwa.

Mwambie Rayanne mjomba wake anaomba radhi. Hapana, usimwambie. Nitamwandikia mimi.

Na hiyo bastola itolewe kwenye droo.

Delmar

---

Halsey Fork
Mei 18, 2009

Kaka Delmar,

Sasa naweza kukuandikia nikiwa nimenyoosha mgongo.

Maonyesho ya Jumamosi yamepita. Wenye meza wawili hawakuja. Otis alikuja. Rayanne alikuwa mlangoni na kofia yako ya zamani, inamkaa kuliko ilivyokukaa wewe. Bastola ya Wendell iko kwenye kabati la chuma la Rayanne na funguo hanipi. Nimefanya darasa lake la usalama wa bunduki la Alhamisi, wiki nne, nikapata alama za juu kuliko wote. Tulikuwa watatu, lakini wa juu ni wa juu.

Saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imefika hadi maegesho, nilimwona Rayanne anabishana na bwana mmoja mgeni mwenye ndevu. Yule bwana anasema, "Mimi ni mtu mzima, nimekwambia tupu." Rayanne anasema asante, nionyeshe. Yule bwana anatazama nyuma, anaona watu wanavyomtazama, uso unaanza kumwiva. Naujua uso huo, Delmar. Niliuvaa mimi.

Nikaacha pai zangu. Nikaenda nikasimama kando ya pipa, nikapaza sauti ile ya kuitia ng'ombe:

"Jamani! Mimi ni Lurleen Pruitt, mama wa huyu mshika mlango. Mwezi wa tatu nilisimama hapa hapa nikasema tupu, mara mbili, na mara zote mbili haikuwa tupu. Nilikoki kabla ya kutoa magazini. Risasi yangu imo humo mchangani. Asingenishika mkono ningemuua rafiki yangu yule pale wa tiketi."

Opaline akainuka kwenye kiti chake, akawapungia mkono. "Ndiyo mimi," akasema. "Nimechelewa kufa, karibuni tiketi."

Rayanne alikuwa mweupe kama unga. "Mama, si lazima..."

"Wewe usitaje watu," nikamwambia. "Mimi najitaja mwenyewe."

Yule bwana wa ndevu akanitazama, akatazama bastola yake, akaishusha taratibu mchangani. Akatoa magazini kwanza. Halafu akakoki, na risasi moja ikaruka nje, ikaanguka kwenye kiatu chake. Hakuna aliyecheka. Aliinama akaiokota, akaiangalia muda mrefu kama mtu anayesoma, akasema, "Hii ingeweza kumpata mke wangu, ananifuata nyuma na watoto."

Rayanne akapitisha kamba nyekundu. "Asante kwa kunionyesha," akamwambia. "Karibu ndani."

Nilikaa pale hadi saa kumi jioni. Pai zimebaki tisa, mara ya kwanza maishani mwangu. Julai nitaleta kiti changu niketi kando ya pipa.

Mama yake mshika mlango,
Lurleen Pruitt